Nyimbo za Upinde katika Gari la Tonton Amisi

Gari la Tonton Amisi lilikuwa na harufu mbili ambazo hazikupatana kamwe. Ya kwanza ilikuwa ya kuzaliwa nayo, harufu ya sabuni na plastiki safi, iliyotoka nayo Japani ikakataa kuondoka hata baada ya vumbi lote la barabara ya Komanda. Ya pili ilikuwa yetu sisi: samaki wa moshi, mafuta ya mawese, na jasho la abiria sita waliobanwa mahali palipotengenezwa kwa watano. Jua la Kisangani likipiga viti kuanzia saa tano, harufu hizo zilipanda pamoja na kukukaba koo. Wengine walifungua vioo. Mimi nilivuta pumzi kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na mmoja na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya utajiri. Katika mtaa wetu wa Kabondo watu walisafiri kwa toleka, yaani baiskeli za kubeba abiria, na aliyekuwa na gari katika ukoo alitembea kifua mbele hata kama gari lenyewe halikuwa lake.

Tonton Amisi alikuwa mdogo wake papa, baba yangu. Alilinunua gari hilo kwa watu wa Bunia waliolivusha kutoka Uganda, akaligeuza teksi. Usukani wake ulikuwa upande wa kulia, na sisi huendesha kulia pia, kwa hiyo kila alipotaka kulipita lori hakuona kitu, ilimbidi amuulize abiria aliyekaa kushoto kwake, “Papa, kuko mutu mbele?” Abiria wa mbele alilipa nauli kama wengine na bado akafanya kazi ya macho ya dereva. Redio nayo ilikuwa na kichaa chake. Masafa yake yaliishia pale ambapo vituo vya kwetu vinaanza, ikawa inatoa mvumo tu kama mafuta kwenye kikaango. Kitu pekee kilichofanya kazi ni kisahani cha muziki kilichokwama ndani yake tangu huko kilikotoka. Hakikutoka kwa kubonyeza wala kwa kubembeleza. Fundi alisema dawa yake ni kubomoa dashibodi nzima, na Tonton akamwambia abomoe kwanza nyumba yake mwenyewe. Basi msimu mzima wa mvua teksi ile ilizunguka Kisangani ikiimba nyimbo kumi za Kijapani, zile zile, kwa mpangilio ule ule, na abiria wa sokoni wakashuka nazo vichwani pamoja na mizigo yao.

Aliyezishika kuliko wote ni Feza. Feza alikuwa binti wa shangazi yangu, dada yao papa na Tonton Amisi, aliyefariki tukiwa wadogo. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja. Tulilala kitanda kimoja, tulikula sahani moja, na kwa mtu wa nje tulikuwa mapacha waliokosana kidogo kwa kimo. Lakini ndani ya nyumba kila mtu alijua nani alizaliwa humo na nani aliletwa. Mama hakumnyima chakula, naapa hakumnyima. Ila kikombe kikivunjika, jina la kwanza kuitwa lilikuwa lake, na mimi nilizoea hivyo kiasi kwamba nilivunja vikombe bila wasiwasi. Kila jioni kazi yetu ilikuwa kuliosha gari la Tonton kwa ndoo mbili, naye kwa kutulipa alituachia muziki. Mimi nilisugua magurudumu. Feza alisugua milango na kuimba. Ndani ya wiki tatu alizijua nyimbo zote kumi, neno kwa neno, na pale mwimbaji alipovuta pumzi, naye alivuta. Sauti yake ilikuwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Majirani walitoka na vigoda wakakaa ukutani kumsikiliza, na muuza mikate alianza kupita kwetu mwisho ili apate kukaa. Mimi sauti yangu ilikuwa, na ingali, kama mlango unaohitaji mafuta.

Siku moja nilitumwa kumpelekea papa chakula kazini. Papa alikuwa mpakizi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Bangboka, nje ya mji, na Tonton alikuwa akienda huko kutafuta abiria, akanichukua. Feza alibaki kutwanga ndizi za lituma. Ndege ilipotua, Tonton alipata mteja mmoja, mwanamke kijana wa Kijapani mwenye kofia kubwa na mabegi mengi, aliyekuwa akienda kuchunguza wanyama wa msituni. Wapakizi wakaanza kugombania mabegi yake, Tonton akaenda kugombana nao, na mimi na yule mgeni tukabaki ndani ya gari tukisubiri. Muziki ulikuwa ukiendelea. Mwanzoni mgeni alijipepea kwa kofia yake. Kisha akajishika mdomo, akainama mbele, akabonyeza kitufe cha kurusha wimbo, akasikiliza kidogo, akarusha tena, na kila mara akacheka zaidi, mpaka machozi yakamtoka.

Kwa Kifaransa cha polepole, ambacho mimi wa darasa la tano nilikifuata bila shida, aliniambia kwamba nyimbo zote kumi zilikuwa nyimbo za upinde wa mvua. Waimbaji mbalimbali, miaka mbalimbali, lakini kila mmoja ni wa upinde. Ni lazima kuna mtu aliyezikusanya moja moja kwa ajili ya mtu anayempenda, alisema, labda mtoto aliyechukia siku za mvua. Alinifundisha neno lao, *niji*, na papo hapo nikaanza kulisikia kila mahali, kama vile lilikuwa limejificha nyuma ya mlango wakati wote huo. Wimbo mmoja, alinieleza, unawaambia watu wainue macho mvua ikiisha. Mwingine ni wa mtu aliyehama mji. Anamwambia rafiki yake kwamba upinde anaouona huku ndio ule ule anaouona yeye kule. Ule wa mwendo wa haraka, ambao Feza aliupenda kuliko yote, ni wa watoto wanaouita upinde uje ili wagawane rangi. Hakukuwa na kitu kingine. Zilikuwa nyimbo nyepesi, za kuchangamsha moyo, za kusikilizwa watu wakifua nguo. Tonton aliporudi na mabegi alinikuta nimekaa wima kama mtu aliyepewa ufunguo wa benki.

Ningeweza kufika nyumbani nikamwambia Feza kila kitu kabla sijavua viatu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ni dogo mno hata linatia aibu kuandikwa: yeye alikuwa na sauti, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Nilimwambia tu kwamba nimekutana na Mjapani na sasa najua maana. Alinibembeleza siku nzima. Aliahidi kunisugulia magurudumu, akanipa nusu ya samaki wake, na mimi, baada ya kumla samaki, nikamjibu kwa methali niliyoisikia kwa mwalimu wetu: asiyejua maana haambiwi maana. Kwa watoto wa mtaani nilijigamba kwamba Kijapani sasa ni lugha yangu, na walioniuliza maneno niliwatungia. Feza alicheka na kuendelea kuimba. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hata bila maana aliimba vizuri vile vile.

Kisha likaja suala la redio. Abiria mmoja wa Tonton alikuwa akitayarisha kipindi cha watoto katika redio ndogo ya mjini. Siku moja alimkuta Feza akiimba kando ya gari, akasimama mpaka mwisho, akasema Jumapili baada ya ile ijayo aletwe studioni. Mtoto wa Kisangani anayeimba Kijapani! Tonton alifurahi kama ameteuliwa waziri. Papa aliahidi kumnunulia viatu. Hata mama alimwambia Feza asuke nywele. Niliuliza kama nami naweza kwenda, nieleze maana ya nyimbo, na Tonton, ambaye hakuwa na nia mbaya, akacheka: “Weye utaenda kufunga mulango ya studio, ma chérie.” Watu wote wakacheka. Nami nilicheka. Wivu wa mtoto hauna kelele. Hukaa kimya tumboni kama minyoo na kula kila unachokula.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja kwa wale ambao hawakukulia kando ya mto wetu. Katika vitabu vya shule upinde ni mwanga uliopita katika matone ya maji, na tuliandika hivyo kwenye mtihani tukapata alama zetu. Nyumbani upinde ulikuwa monama, nyoka mkubwa wa majini anayetoka kuota jua mvua inapokatika. Ulipotokea angani tulificha mikono makwapani, maana kidole kinachomnyooshea monama huoza, na mtoto mchanga alifunikwa uso ili nyoka asimwone akamnyonya damu. Waislamu wa mtaani walifanya hivyo, Wakatoliki walifanya hivyo, na watu wa makanisa ya maombi walifanya hivyo huku wakikemea. Mwalimu wetu mwenyewe, baada ya kutufundisha habari ya mwanga na matone, nilimwona akiingiza mikono mifukoni.

Jumapili moja kabla ya ile ya redio, Tonton alitupeleka Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, kununua samaki. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na mto ulikuwa umevimba. Maji yalinguruma chini ya miti mikubwa ile ambayo wavuvi wameisimika katikati ya maporomoko ili kuning’inizia mitego yao. Mama alikuwa akibishana bei na wanawake wa samaki. Feza alikuwa amembeba mgongoni mdogo wetu Junior, mwenye mwaka mmoja na nusu. Jua likatoka, na juu ya ukungu wa maji ukajitokeza upinde, karibu mno, kana kwamba mguu wake mmoja umekanyaga mwamba tuliosimama juu yake. Wanawake wakafunika watoto. Mimi nikaficha mikono. Feza, aliyekuwa na wimbo kichwani tangu tuliposhuka garini, aliendelea kuimba. Ulikuwa ule wa mwendo wa haraka. Aliimba akiutazama upinde, akimtikisatikisa Junior ili asilie, na Junior akatoa mkono wake mdogo kwenye kitambaa, akanyoosha kidole. Feza alikishika haraka akakirudisha ndani. Lakini wauza samaki walikuwa wamekwisha kuona, na mmoja akatema mate chini.

Kesho yake Junior aliamka na homa. Mchana ule wa Jumatatu macho yake yaligeuka meupe na mwili ukaanza kukakamaa na kutikisika. Ilikuwa degedege, ambayo kwetu huitwa maladi ya ndege. Papa alikuwa kazini. Tonton alimpakia mama na mtoto, wakaenda hospitali mbio, na daktari akasema ni malaria, akamtundikia dawa. Daktari alisema malaria, na mama alimsikia. Lakini mtu anaweza kusikia malaria na bado akauliza ni nani aliyeituma. Jumanne mtoto alikuwa bado amelala kama kitambaa kilichokamuliwa. Mama alirudi nyumbani kuchukua nguo, na nyuma yake akaja Mama Yvonne, jirani yetu aliyeongoza kikundi cha maombi, pamoja na wanawake wawili wa kikundi chake. Habari za Wagenia zilikuwa zimefika kabla yao.

Walikaa sebuleni saa tisa alasiri, milango wazi, watoto wa jirani wakichungulia. Feza alisimamishwa katikati. Tonton hakuwepo; alikuwa hospitali akimlinda Junior. Mama Yvonne hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

“Ile nyimbo unaimbaka, Feza, iko ya nani? Iko inasema nini?”

“Miye sijuwe, mama,” Feza alijibu. “Iko ya mu motokari. Miye naimbaka tu.”

“Mutu anaweza kuimba kitu haijuwe? Siku zote? Neno kwa neno?”

Feza akageuza uso akanitazama. Macho yake hayakuwa na hofu bado. Yalikuwa ya mtu anayejua kwamba msaada upo hapo hapo chumbani. “Dorcas, waambie,” alisema. “Weye njo unajua.”

Na mama, mama yangu ambaye hakuwa amelala tangu jana yake, akanishika bega. “Donc ni kweli, unajua ile luga ya Bajapon? Alors, sema. Feza iko anaimba nini?”

Nilijua. Nilizijua nyimbo zote kumi. Nilijua habari ya watoto wanaogawana rangi, ya rafiki aliyehama mji, ya kuinua macho mvua ikiisha. Nilijua kwamba dakika mbili za maelezo, na habari ya yule Mjapani wa uwanja wa ndege, zingetosha. Wangenung’unika, wangeomba, wangekwenda zao. Nilijua pia kwamba Jumapili ya redio ilikuwa imebaki siku tano.

“Iko anaimba monama,” nilisema. “Iko anaiita ikuye.”

Kwamba anauita upinde uje haukuwa uongo, na hilo ndilo linalonitesa kuliko uongo. Mwongo angalau humjua mwongo mwenzake akijitazama kwenye kioo. Mimi nilichukua ukweli, nikaukata pale pale panapoua, nikawapa kipande. Ulimi hauna mfupa, husema wazee, lakini wangu siku ile ulikuwa na makali. Mama Yvonne alifumba macho akasema, “Seigneur, munasikia mutoto?” Mama aliniachia bega. Feza hakulia. Alinitazama kama mtu anayengojea sentensi imalizike, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Walimchukua alasiri hiyo hiyo. Alikaa siku nne katika chumba cha maombi cha Mama Yvonne, nyumba tatu kutoka kwetu, akifungishwa bila chakula wala maji mchana kutwa, akiambiwa akiri. Jioni nilisikia wakiimba na kupiga makofi, na katikati ya sauti zile nilitafuta yake nisiipate. Tonton Amisi alikwenda kugombana mlangoni mara mbili, lakini naye alikuwa na kosa lake: gari lilikuwa lake, na watu walikwisha kuanza kukataa kulipanda. Alichukua bisibisi, akang’oa redio nzima, akaitupa mtoni mbele ya mashahidi. Papa aliporudi kutoka kazini aliambiwa yote. Kwetu noko, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na papa ndiye aliyekuwa noko mkubwa wa Feza. Angesema hapana moja tu, ingetosha. Alikaa na sahani yake ya lituma mapajani muda mrefu. Kisha akaniita, akaniuliza kama ni kweli nilivyosema. Nikasema ni kweli. Alikuwa mtu mpole papa yangu, na nimejifunza tangu hapo kwamba upole si kitu kimoja na ujasiri.

Siku ya tano Feza alikiri. Sijui alikiri nini, walisema amekiri. Junior alikuwa tayari anakula uji hospitalini, na kupona kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi. Jumapili, ile Jumapili ya redio, papa alimpeleka bandarini, akampandisha katika balenyeri, ile mitumbwi mikubwa ya mbao yenye mota inayoshuka mto, aende Basoko kwa bibi mmoja wa ukoo aliyekuwa akichoma samaki. Nilikwenda kumsindikiza kwa sababu nililazimishwa. Alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki na alikuwa amevaa viatu vipya, vile ambavyo papa alimwahidi kwa ajili ya studio. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliniambia, “Bakia muzuri, Dorcas.” Shuleni kiti chake kilipewa mtoto mwingine. Kitanda kikawa changu peke yangu, kipana, na nililala ukingoni mwake kwa mwaka mzima kana kwamba kuna mtu upande wa pili.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye, husema Waswahili, lakini yangu hayakuwa mjukuu. Yalizaliwa siku ile ile na tumekua pamoja. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikaolewa Makiso, huku huku mjini. Feza alikua Basoko, akawa mfanyabiashara wa samaki wa moshi, akazaa watoto wawili, na miaka kadhaa iliyopita alianza kupanda Kisangani na mzigo wake mara tatu au nne kwa mwaka. Kila akija hufika kwangu. Huleta samaki, huuliza habari za mama, humtania mume wangu. Hakuwahi kutaja jambo lile hata siku moja. Ila niligundua kitu kimoja: hakuwagusa watoto wangu. Nilipojifungua wa kwanza alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema ni mzuri. Wa pili vile vile. Ukimnyooshea mtoto, ghafla ana kitu cha kufunga au kufungua. Niliielewa adhabu hiyo, nikaona ni ya haki. Nilisema moyoni: anajua, na hivi ndivyo anavyonilipa, na bado ni nafuu.

Mwaka jana nikapata mtoto wa tatu, msichana. Feza alikuja akaketi nami kwenye mkeka mbele ya nyumba, mbali kidogo na mtoto kama kawaida yake, akichambua sombe, majani ya muhogo. Mwanangu mkubwa alikuwa kando na simu yangu, akisikiliza wimbo wa kigeni, na maneno yake yakipita kwenye kioo kwa Kifaransa, mstari chini ya mstari. Nilitazama jinsi anavyoipata maana bure, bila kumbembeleza mtu, bila kumpa mtu samaki wake. Sikupanga kusema. Nilisema kwa lugha ya nyumbani kwetu, maana ile ya shuleni ilinitoroka, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa:

“Yaya Feza. Zile nyimbo za mu motokari ya Tonton. Zilikuwa tu za arc-en-ciel, za batoto. Haikukuwa kitu mubaya ndani. Mujapon mumoja alinielezeaka yote kule Bangboka. Nilijua.”

Mikono yake ilisimama juu ya majani. “Ulijua lini?”

“Mbele ya Wagenia.”

Nilingoja matusi. Niliyatamani, kusema kweli. Nilikuwa nimeyaandalia nafasi miaka yote hiyo. Lakini Feza alikuwa akitazama mbele yake, na alipozungumza hakuwa akizungumza nami.

“Miye nilizaniaka ni miye,” alisema. “Nilizania ni kweli, ni miye nilimufanya Junior vile. Batu bote walisema. Na weye ulisema. Hata batoto yangu, wakiwa na homa, nilikuwa natoka mu nyumba, naenda kulala kwa jirani. Niliogopa nitabamaliza.”

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Kwa miaka yote nilidhani nimemnyang’anya shule, na nyumba, na Jumapili moja redioni. Nilidhani ananichukia, na nikajiona mtu mwema kwa kuivumilia chuki yake. Kumbe hakuwa akinilinda mimi na hasira yake wala kuniadhibu kwa mikono yake ya nyuma. Alikuwa akiwalinda watoto wangu dhidi yake mwenyewe. Alikuwa ameamini. Usiku mtoto wake anapolia kwa homa, mama yule alikuwa akifungua mlango na kutoka nje, kwa upendo, kwa sababu ya maneno sita ya mtoto mwenye wivu. Na mimi, miaka hiyo hiyo, nilikuwa nikisimama mbele ya darasa kila asubuhi, nikiwafundisha watoto wa watu kwamba upinde ni mwanga uliopita katika matone ya maji.

Nilianza kulia, naye hakuninyamazisha. Aliosha mikono yake katika bakuli, akaikausha kwa kitenge chake polepole, kidole kwa kidole. Kisha akajongea kwenye mkeka, akamwinua binti yangu bila kuniomba, akamlaza kifuani. Hakujua vizuri pa kuweka kichwa chake. Kwa mtu mwenye watoto wawili, alimshika kama anayejifunza. Alikaa naye hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia.

Amekuja mara mbili tangu siku hiyo. Hajasema amenisamehe, nami sijathubutu kumwomba, kwa maana kuomba kwangu kungekuwa tena kutaka nipewe kitu chake. Akifika huenda moja kwa moja kwa mtoto, humbeba mchana kutwa, hata akilala, hata akiwa na joto kidogo mwilini. Saa ya kushuka bandarini ikifika, hunirudishia mikononi, akimtazama yeye, bila kunitazama mimi.